Saa ya Fundi Pima-Tena

Kwenye duka la simu, fundi cherehani aliyeitwa Pima-Tena alijaribu kila kifaa cha kupima mazoezi kama anavyojaribu nguo: mbele ya kioo, tumbo amelivuta ndani. Pete iligoma katikati ya kidole. Kile cha kubana kiunoni kilipotelea chini ya kitambi, ikabidi muuzaji akitafute. Programu ya kwenye simu ilikuwa ya bure, lakini simu ya fundi hushinda mezani kando ya mkasi, na meza haitembei. Ikabaki saa ya mkononi.

Muuzaji, msichana mpole, aliingiza jina la fundi, umri na uzito. Fundi alitaja uzito wa ujanani. Mkewe, aliyesimama nyuma yake, akamkanyaga mguu, ukaandikwa uzito wa kweli.

Mkewe ndiye aliyemleta. Daktari alikuwa amesema moyo wa fundi umechoka, na asipoanza kutembea hautamfikisha mbali. Fundi alicheka. Mkewe hakucheka. Alikuwa amelala ubavuni mwa mtu huyu tangu wote wawili wakiwa wembamba, na hakutaka kujifunza kulala peke yake.

Kesho yake fundi aliivaa saa mpaka mteja wa kwanza alipoleta hariri. Mkanda ukavuta uzi.

"Mke wangu, hii itaniharibia kazi. Hebu nishikie."

"Nikushikie mpaka lini?"

"Nimalize gauni hili tu."

Fundi akamfunga mkewe saa mkononi, akapitisha kidole chini ya mkanda, akauliza kama unabana.

Nguo zilizokamilika zilipelekwa na mkewe. Wateja wengi walikaa kwenye maghorofa ambayo lifti zake zilikufa zamani. Siku hiyo, mke alipoanza kupanda ngazi na henga za kutundikia nguo begani, fundi alianza kuhema kwenye kiti chake. Jasho likamtoka. Alijifuta kwa taulo, akaendelea kushona. Mkewe alipofua shuka, mabega ya fundi yaliuma kidogo, maumivu mazuri ya mtu aliyefanya kazi. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amejipunguzia suruali zote kiunoni.

Walirudi dukani kuuliza kwa nini mke atembee na mwili wa mume ndio upungue.

"Saa imeandikishwa kwa jina la baba," alieleza muuzaji. "Anayeivaa ni habari nyingine."

Waliridhika, wakarudi nyumbani. Mchumia juani hulia kivulini, wanasema. Hapa mmoja alichuma juani, mwingine akala kivulini, na nyumba ilikuwa na amani.

Siku moja mke aliisahau saa bafuni, akaenda kupeleka nguo bila hiyo. Aliporudi alimkuta mumewe amevimba miguu, hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi. Aliivaa hapohapo akazunguka nyumba mbiombio mpaka rangi ya mumewe ikarudi. Tangu hapo hakuivua, hata kwa kuoga. Yeye mwenyewe katika safari hizo zote hakupata kitu isipokuwa uchovu. Goti lilimuuma, na hakulisema. Ng'ombe haelemewi na nunduye.

Daktari alipomsikiliza fundi kifua, alitabasamu.

"Hongera, mzee. Umejituma."

"Tumejituma," alisema fundi, naye alimaanisha.

Kwa kuwa mke alikuwa amekaa pale pale, daktari akampima na yeye. Presha ilikuwa juu.

"Mama, punguza kukaa. Muige mumeo."

"Nitajitahidi, daktari."

Fundi aliumia moyo, huo huo mzima. Njiani alimshika mkewe mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamwingiza dukani. Wakanunua saa ya pili, kwa jina lake mke.

"Hii nitaivaa mimi," alisema fundi. "Nitembee kwa ajili yako."

Akatembea mpaka kona na kurudi. Mkewe, amesimama mlangoni, alisikia maumivu ya goti yakipungua kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akacheka kwa sauti. Alifurahi kweli.

Kesho yake ikaletwa nguo ya bibi harusi, lesi tupu. Fundi aliivua saa kwa masikitiko. Alishona pamba laini chini ya mkanda isimchubue mkewe, akamfunga kwenye mkono wa pili. Muuzaji alikuwa ameshawaonya kwamba saa mbili zikivaliwa na mtu mmoja, ya kwanza huchukua yote. Basi wakapatana: mchana atembee na ya mume, jioni aivue, atembee na ya kwake.

Jioni moja mke alirudi na henga tupu. Fundi alikuwa amelowa jasho, uso una nuru. Alimvutia kiti, akamletea maji, akamkanda miguu.

"Haya, zamu yako. Vua yangu."

Mke alikitazama kifua cha mumewe, kikipanda na kushuka bila shida yoyote.

"Yangu kesho."

"Jana pia ulisema hivyo."

"Basi na leo nimesema."

"Kesho usisahau, mke wangu," alisema fundi kwa mapenzi. Kisha akaishika saa yake, mkononi mwa mkewe, akahakikisha mkanda haujalegea.