Bisibisi Sikioni

Kwenye gereji ya baba, kijana hakuhesabika kuwa mwanafunzi mpaka awekewe bisibisi sikioni. Ilikuwa bisibisi moja ndefu, mpini wake wa mbao umeng'aa kwa jasho la miaka. Ncha baba aliigusisha kwenye injini inayounguruma, mpini akaubandika kwenye sikio la kijana, akamwuliza, "Unasikia nini?" Hata kama kijana hakusikia kitu, siku hiyo alikuwa amepokelewa. Niliyaona hayo yote nikiwa nimesimama mlangoni na sahani zao za chakula mikononi.

Nilipofikisha miaka kumi na mitatu nilimwomba aniwekee na mimi. Alinitazama, akafuta mikono polepole. "Gereji si mahali pa binti. Nenda kajifunze kushona." Kaka yangu akawekewa, akadumu miezi minne, akakimbilia kazi ya ofisini. Mimi nikaenda kushona. Nimeshona miaka ishirini na sita, na kinyongo changu nimekishona humo humo.

Mwaka huu baba akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala na ulimi ukafungwa. Katika chumba cha nyuma alikuwa ameacha pikipiki yake ya ujanani, nusu imefunguliwa: tangi huku, magurudumu kule, kabureta ndani ya kopo la maziwa. Injini yenyewe alikuwa ameshaifunga kabla hajaanguka. Kaka alikuja, akaiangalia, akashika kiuno.

"Hiki ni chuma chakavu, mdogo wangu. Jumamosi naleta mnunuzi."

"Niachie mpaka hiyo Jumamosi."

"Uifanye nini?"

"Niiunge."

Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe? Utaiunga kwa uzi?"

Daktari alikwisha kuniambia pembeni kwamba kiharusi kingine kikija, mzee hatapona. Nilitaka jambo moja tu: baba aisikie ile pikipiki ikiwaka angali hai, na ajue ni mikono ya nani iliyoiwasha.

Ufundi sikuujua, lakini kuunga vipande nakujua. Nilitandika shuka jeupe sakafuni nikapanga vyuma kama ninavyopanga vipande vya gauni, cha mbele mbele, cha nyuma nyuma. Boliti nilizishonea vifuko, kila kifuko na rangi yake ya uzi. Gasketi ya kabureta, ile karatasi ngumu ya kuziba maungio, ilikuwa imepasuka, basi nikaipima kama kola, nikanunua karatasi yake dukani, nikaikata kwa mkasi wangu wa kazi. Ilikaa sawasawa. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," nikajisifu kwa sauti. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, kichwa kimeinama. Hakugeuka.

Si kwamba mambo yote yalininyookea. Mshonaji huvuta uzi mpaka ausikie umeshika, nami nikaikaza boliti moja hivyo hivyo mpaka ikakatika. Breki ya nyuma niliifunga kinyume mara mbili. Nikatoa matusi niliyoyaokota gerejini wakati ule wa kupeleka sahani, na kumbe nilikuwa nayakumbuka yote.

Kitu kimoja sikukigusa. Kwenye mdomo wa injini, pale kabureta inapofungwa, palikuwa na kitambaa cha buluu kilichokunjwa vizuri mno, kingo zake zimeingizwa ndani. Nguo ya maana ina bitana, nikawaza, na baba si mtu wa kuacha tambara ovyo. Nikakiheshimu kitambaa kile. Nikafunga kabureta juu yake.

Jumamosi asubuhi niliisukuma pikipiki uani, nikakisogeza kiti cha baba mpaka kizingitini. Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena na tena, mguu ukafa ganzi. Plagi ilitoa cheche, petroli ilishuka, na chuma kikanigomea. Kaka alifika mapema, akasimama pale na shati lake lililopigwa pasi.

"Yatosha," akasema. Kwa mara ya kwanza hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. "Mnunuzi yuko njiani."

Ndipo baba akainua mkono wake wa kushoto, akabana pua.

Nikajinusa kwapa. "Hili ni jasho la pikipiki yako, baba," nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa hasira. Akabana tena, akafumba na mdomo, na safari hii hakuachia. Uso ukamwiva, macho yakamtoka.

"Anakata pumzi huyo! Mshike!" kaka akapiga kelele.

Nilimkimbilia, na kabla sijamfikia nikaelewa. Baba akaachia pua, akavuta hewa, akainyooshea kidole injini.

Injini haikuwa ikipumua. Nilifungua kabureta, nikakichomoa kile kitambaa. Kilikuwa kizibo tu cha kuzuia vumbi, nami miaka yote ya cherehani ikanifanya nione bitana. Koo la baba likatoa sauti ya kukwaruza. Kaka alidhani anasongwa, kumbe mzee anacheka. Hakuwa amecheka tangu augue. Nilicheka naye huku machozi yananitoka, wala sikuyafuta.

Kwa kiki ya tatu ikawaka. Uwanja ukajaa moshi, vyombo jikoni vikatetemeka. Kaka alichukua simu akasogea ukutani, nikamsikia akimwambia mtu, "Geuza tu, samahani. Haiuzwi tena."

Baba hakutabasamu. Aliinamisha kichwa, akanyoosha mkono, kiganja wazi. Nikampa spana, akaiangusha. Nikampa koleo, akaisukuma. Nikaingia chumba cha nyuma, nikaitoa bisibisi ndefu chini ya sanduku lake la vifaa, nikaisogeza pikipiki mpaka magotini pake.

Aligusisha ncha kwenye kichwa cha injini, akaegemeza sikio kwenye mpini. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa: hapana.

Nilivunjika moyo, sifichi. Siku sita za mafuta ya injini kwenye kucha, na bado hapana ni ileile ya zamani. Nikanyoosha mkono nizime.

Akanipiga kofi mkononi. Akanishika kola ya gauni, akanivuta mpaka nikapiga magoti mbele yake. Ncha akairudisha palepale, mpini akaubandika kwenye sikio langu.

Mbao ilikuwa ya moto. Ndani ya ule mngurumo kulikuwa na kitu kidogo kinagonga, kama sindano ya cherehani inapogusa bamba lake. Nikainua macho. Ulimi wake haukuweza kuuliza, lakini nyusi zilikuwa zimepanda vilevile zilivyokuwa zikipanda kwa vijana wote wale, mimi nikiwa mlangoni.

"Kuna kitu kinagonga, baba," nikasema. "Juu, upande wa kushoto."

Akaitikia kwa kichwa. Mkono wake ulianza kuchoka, nikauona unavyotetemeka, lakini mpini hakuutoa.