Gundi ya Nyuma

...na shavu la kushoto limekwisha, sasa la kulia, vuta ngozi kwa kidole gumba, teremsha wembe polepole, suuza, rudi tena, taratibu, si koromeo la mtu baki hili, ni la Baba, aliyekaa kitini na taulo shingoni, macho kafumba, povu limemjaa kidevuni, anaongea bila kufungua mdomo vizuri, "...mpaka mwisho wa mwezi, alisema mwenyewe, sisi ndio wa kwanza, tukishindwa ndipo awauzie wengine..." ndiyo Baba, mwenye nyumba alisema hivyo, na tumeshashindwa Baba, nyumba hii ambayo Mama alikata roho chumba cha nyuma itakwenda kwa wengine, na wewe na kiti chako mtatolewa barabarani mchana kweupe, na binti yako anakunyoa ndevu kana kwamba hakuna kitu, kwa sababu pesa ya albamu ya stempu za Baba ilikuja na ikaondoka, iliingia benki akaiona kwa macho yake mawili, akacheza peke yake jikoni na mwiko mkononi, mtu mzima na akili zake, akaifunga albamu kwa karatasi laini na taulo safi la Mama juu yake ili isiumie njiani, akaituma, halafu asubuhi moja akaamka pesa haipo, imerudishwa kwa mnunuzi wa mtandaoni, mnunuzi kalalamika kwamba boksi lilimfikia limejaa magazeti, na leo boksi lenyewe limerudi, lile pale chini ya meza, karibu na mguu wa Baba, na kweli lina magazeti, ya zamani, yamekatwa sawasawa kwa ukubwa wa albamu, yaani mtu alikaa chini akachukua rula na mkasi, akapima, labda alikuwa anakunywa chai, akatia na uzito uleule, na taulo la Mama akabaki nalo, hata taulo...

"Nani aligonga asubuhi?" Baba anauliza, na yeye anasema, "Mtu wa vifurushi, Baba, usiongee nitakukata," na Baba anaguna, mtu aliyepanga barua posta maisha yake yote huwezi kumwambia kifurushi kimefika akanyamaza, lakini ananyamaza, ahsante Mungu ananyamaza, na wembe unashuka, na ile sauti ya yule dada wa huduma kwa wateja wa ule mtandao wa mauzo inarudi kichwani, tamu kama ya mtu anayekuuzia manukato, pole sana mpendwa mteja, mfumo unaonyesha bidhaa inarejeshwa kwa muuzaji, mwenyewe anasema ni magazeti dada yangu, nakuelewa mpendwa, ila mfumo unaonyesha inarejeshwa, na yule askari wa zamu ndiyo kabisa, stempu hizihizi za barua, akacheka mpaka akashika meza, nani atanunua stempu kwa bei ya nyumba, mama, hebu niambie ukweli, na yeye alisimama pale kaunta akajiona mjinga, akajiona ndiye aliyeiba, kwa sababu pesa taslimu ilikuwepo, hilo ndilo linalomtafuna, muuza vitu vya kale alikuja hapa hapa na bahasha mfukoni, bei ndogo kidogo lakini pesa ya kushika, akaketi, akalamba kidole afunue ukurasa, akalamba kidole jamani, na Baba akaifunga albamu hapohapo karibu ambane, akamwambia mlango ni ule, na ni kwa sababu gani kama si yule wa mtandaoni, yule aliyekuwa ameandika jana yake kwa adabu zote, shikamoo mzee, naomba kujua, gundi ya nyuma bado ipo kamili au stempu ziliwahi kubandikwa, na meno ya pembeni je, yametimia, na Baba aliposomewa alikaa wima akawa kijana, akasema, huyu ni mwenzetu, mwizi anauliza bei, huyu anauliza gundi, mpe, na binti alipompa hakungoja hata siku za mnunuzi kudai pesa yake ziishe, kwa sababu Baba alishasema mwenzetu, na yeye naye aliamini, aliamini kuliko Baba, ukweli usemwe...

"Ameandika leo?" kila asubuhi swali hilihili likiwa na povu mdomoni, "Ameandika, Baba," anasema, "anakusalimu sana," na uongo unatoka laini kuliko wembe, ameshauzoea, yule mtu hajaandika neno tangu alipopokea boksi, ni yeye binti anayemwandika, kila siku anamtungia maneno, anashika simu na kujifanya anasoma, leo anasema mkewe naye amezipenda, leo anasema ile ya bluu yenye meli anaitazama kabla ya kulala, na Baba anafurahi mpaka mikono inapata joto, anaagiza majibu, mwambie asizishike kwa vidole, atumie kibano, mwambie akizichoka asimpe mtu hovyo, aniambie mimi kwanza hata kama sina kitu, na jana alijitahidi kweli, alimtungia fremu ya kioo, kwamba mnunuzi amezitundika sebuleni karibu na dirisha jua la asubuhi linapoingia, zinang'aa, na alijisifu moyoni kwa hilo jua, na kesho atatunga nini, na mwisho wa mwezi atatunga nini, atasema mwenye nyumba kageuka, ndiyo, mwenye nyumba atabeba lawama, ana roho mbaya hata sura inaonyesha, au auze cherehani, cherehani moja inanunua nini, mlango labda, au asingizie benki, au aumwe, au afe yeye kwanza, maana huyo mtu alimlaghai mzee kwa gundi na yeye anamlaghai kwa jua, tofauti iko wapi, wote wawili wamekaa wakapima albamu na kukata magazeti yanayolingana, ee Mungu wangu, tofauti iko wapi, yule angalau hakumwita Baba...

"...linachuja," Baba anasema, na inaonekana amekuwa akisema kwa muda, "jua, mama, linachuja rangi, mwezi mmoja tu ile ya bluu inakuwa nyeupe kama karatasi ya msala, mtoto anayeanza kukusanya leo anajua hilo, anayejua kuuliza gundi hawezi kuweka stempu dirishani, nimelala nikiliwaza usiku kucha," na hafungui macho, sauti yake ni ileile ya kuulizia chumvi, na mguu wake umesogea chini ya meza, kidole gumba kinagusa ubavu wa boksi, kinausukuma kidogo, boksi halisogei, zito, na yeye binti amesimama na wembe hewani, maji yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko, anatafuta uongo mwingine pale anapoutafutaga na safari hii haupo, pametulia tu, pametulia na panauma, na kwa mara ya kwanza tangu pesa iondoke hautamani.

"Yule mwenyewe," Baba anasema, "aliacha kuandika lini?" na shavu la kulia bado lina povu, na mwezi bado una mwisho wake, na mzee anainua kidevu, anamwachia koromeo lote wazi ili aendelee kumnyoa, na anangoja.