Mnara wa Nafaka

Miaka sita mfululizo niliwafundisha wanafunzi wangu wa Ikutha kwamba Wafaransa wa kale walijenga ghala refu kuliko kanisa. Kosa lilitokana na neno moja. Mnara mkuu wa ngome huitwa keep kwa Kiingereza, na mimi nilijua keep ni kuweka. Sasa mtu ataweka nini kama si chakula? Sisi tuliozaliwa Ukambani tunaijua njaa. Nyumba yenye kuta nene kuliko zote, katikati ya boma, ni ikumbi tu, ghala la nafaka. Sikufungua kamusi. Mtu mwenye cheti cha ualimu ukutani afungue kamusi ya nini?

Mwaka 1981 Kaluki, msichana wa kidato cha nne, alinyoosha mkono akasema kitabu cha maktaba kinaeleza kwamba mnara huo ulikuwa makimbilio ya mwisho ya bwana wa ngome wakati wa vita. Aliongea kwa adabu, lakini mimi nikasikia dharau. Nikamfukuza, arudi na mzazi na aombe msamaha mbele ya watu, la sivyo asahau mtihani.

Baba yake, mzee Kivuva, alimleta siku ya wazazi. Siku hiyo tulikuwa na mgeni, Odile, Mfaransa aliyesimamia uchimbaji wa visima upande wetu. Kijijini kwao kulikuwa na ngome ndogo yenye umri wa miaka mia saba, na mwalimu mkuu alimwomba atuonyeshe picha zake. Yeye angeongea Kiingereza, mimi nitafsiri kwa Kikamba.

Nilianza vizuri. Niliwaeleza wazazi kuta za mawe zenye unene wa hatua tatu, matundu membamba ya kurushia mishale, na ngazi ya mawe iliyozunguka kuelekea kulia ili adui anayepanda akose nafasi ya kuzungusha upanga. Wazee walicheka, ujanja huo uliwapendeza. Kisha Odile akaweka kidole kwenye mnara. Mlango wake uko juu, alisema, na watu walipanda kwa ngazi ya mbao. Vita vilipokuja, bwana aliingia na jamaa yake, wakaivuta ngazi ndani, wanakijiji wakabaki chini. Mpaka leo wazee wa kwao hawaupendi mnara ule.

Watu wakanisubiri. Kaluki alikuwa benchi la mbele, kando ya baba yake, na alikuwa amesikia kila neno.

"Hapa ndipo walipoweka nafaka," nikatafsiri. "Mlango uko juu kwa sababu ya panya."

Wazazi walitikisa vichwa kukubali, kwani hata ikumbi zetu huinuliwa. Odile alitabasamu, akidhani wamemwelewa. Zilibaki picha tatu, nafasi tatu za kujirekebisha, na zote nikaziacha zipite.

Odile alipomaliza, mzee Kivuva akasimama. "Mwalimu, huyu mtoto nilimwambia hawezi kukushinda. Sasa mzungu mwenyewe amesema vile ulisema. Kaluki, simama."

Kaluki alisimama, akanitazama. "Nimekosa, mwalimu. Mnara ulikuwa ghala."

Watu walipiga makofi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, nilitamani ardhi inimeze, na bado nikainua mkono kama mtu mkarimu nikasema nimemsamehe.

Nilipokuwa nawaaga mlangoni, Kaluki aliniuliza kwa Kiingereza, polepole, bila ya kejeli yoyote: katika mtihani aandike jibu lipi?

La kitabu, nikamjibu kwa Kiingereza, huku nikiangalia viatu vyangu.

Mzee Kivuva alitugeukia. "Anasema nini?"

"Anasema asante," nikatafsiri.