Mlango wa Kushoto

Saa kumi na nusu alasiri Mama Miza alipiga honi mara mbili nyuma ya Soko Kuu, na Mirindi, konvwayeri wake, yaani utingo, akashuka wa kwanza na kitambaa chake chekundu. Alisimama katikati ya barabara, akakinyanyua, malori yakasimama, abiria wakaanza kupanda. Ndivyo basi lile lilivyopakia watu tangu mwaka 1961. Mlango wake ulikuwa kushoto, kwa sababu Waingereza walilitengeneza kwa ajili ya barabara zao, na magari ya Bujumbura hushika kulia. Aliyetaka kupanda au kushuka ilibidi afanye hivyo mbele ya magari.

Marehemu Zayd, mume wa Miza, alilinunua Kigoma likiwa na umri wa miaka tisa, akalivusha ziwani juu ya tishali. Mafundi walimshauri akate mlango upande wa pili na kuuhamisha usukani. Alikataa. Alisema gari lina kibla chake. Lilikuwa na mgongo wa mviringo kama kobe, viti vya ngozi nyekundu, usukani mpana kama sinia ya harusi, na juu ya kioo cha mbele kibao cha shaba chenye maandishi ya Kiingereza. Kwa miaka thelathini abiria wa Buyenzi waliamini kwamba kibao kile kinasema karibuni. Kinakataza kutema mate.

Zayd alipofariki, madereva watatu walijaribu kulichukua na wote wakashindwa. Gia zake hubadilishwa kwa mkono wa kushoto, na ukikosea klachi linanguruma na kugoma. Miza alizaliwa na mkono wa kushoto. Utotoni alichapwa kwa ajili ya mkono huo, mezani na chuoni, na hakuna kitu mjini kilichowahi kuuhitaji mpaka siku alipoketi kwenye kiti cha mumewe. Alikanyaga klachi mara mbili, gia ikaingia kama ufunguo kwenye kufuli yake, akaondoka. Baada ya hapo wazee walianza kupanda bila kuwa na safari, ili tu wakae kwenye ngozi ile na kusikia injini inavyovuta pumzi. Wengine walifumba macho kutoka Soko Kuu hadi Buterere. Walipoulizwa wanaona nini, walisema wanajiona wakiwa na nywele.

Usukani kuwa kulia kulikuwa na maana moja zaidi. Madereva wengine wa mji ule walipita wakitazama lami. Miza alipita kiwiko chake kikikaribia kugusa baraza za watu. Alijua nani amebadilisha pazia, nani anapika maharage bila chumvi. Pale Jabe, barabara inapobana kabla ya soko, alikuwa akisimama mbele ya baraza ya Byamungu, fundi cherehani kutoka Bukavu, ambaye kila alasiri alimpa kikombe cha chai ya tangawizi kupitia dirishani. Byamungu hakuhitaji kunyanyuka. Alinyoosha mkono tu. Kwa miaka sita hawakuzungumza zaidi ya maneno ishirini kwa siku, na Miza aliyakumbuka karibu yote.

Machi 1995, wakati wa vita, vijana wenye silaha walikuja kusafisha Jabe. Neno lililotumika lilikuwa hilo, kusafisha. Miza alikuwa akipita na basi lenye watu nusu. Byamungu na mkewe Irène walitoka mbio na kuupiga ubavu wa kulia wa basi kwa viganja. Pale hapakuwa na mlango. Byamungu alilijua hilo vizuri, lakini mtu anayekimbia huenda mahali mlango ulipopaswa kuwa. Kutoka barazani, kuzunguka pua ya basi, mpaka mlangoni ni hatua kumi na nne. Vijana walikuwa hatua thelathini. Miza alitia gia ya pili. Iliingia vizuri, bila kelele.

Siku ya arubaini alirudi kwenye njia ile. Alipofika Jabe, Byamungu alikuwa barazani, akishona mkono wa gauni la buluu. Irène alikuwa anaanika nguo kwenye kamba. Miza alisimamisha basi, akapewa chai. Ilikuwa ya moto. Mirindi, ambaye ni shemasi katika kanisa lake na mtu wa utaratibu, aliuliza tu kama kikombe kirudishwe leo au kesho.

Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba vioo vya upande wa kulia vinaonyesha alasiri moja kabla ya kusafishwa. Vioo vya kushoto viliendelea kuonyesha siku ya leo, pamoja na kuta zilizoungua na askari waliokaa juu ya magunia. Watu walizoea kwa siku tatu. Ila viti vilianza kugombewa. Waliopoteza ndugu walipanda mapema ili wapate upande wa kulia, wakibeba vyakula vya njiani, na walipopita mbele ya nyumba zao waligonga kioo taratibu kwa kucha. Waliohamia kwenye nyumba za watu walikaa kushoto na kutazama askari. Baada ya wiki mbili, aliyetaka kujua nani anaishi kwa nani hakuwa na haja ya kuuliza. Alitazama tu mtu ameketi upande gani.

Callixte aliketi kushoto. Alikuwa karani katika ofisi ya mihuri, mtu mpole, mwenye miwani, na alipewa ufunguo wa nyumba ya Byamungu na mtu aliyejua mtu. Alihamia na kitanda chake, akaikuta cherehani, akaiacha palepale kwa kuwa ilikuwa nzito. Hakumuua mtu. Alisema hivyo mara nyingi kuliko alivyoulizwa. Alimwambia Mirindi kwamba anachukia kusikia basi likisimama kila siku mbele ya nyumba yake ili dereva anywe chai.

Alikwenda kulalamika kwa kamati ya mtaa. Mwenyekiti alikuwa Haitham, mwenye duka la vitenge, mdogo wake marehemu Zayd, mtu aliyepitia vita vile kwa kuwakubalia watu wote. Haitham aliagiza mapazia. Abiria wa kulia waliyafungua. Akaagiza mapazia yashonewe chini. Waliyafumua. Ndipo kamati ikakumbuka sheria: gari lenye mlango upande wa katikati ya barabara ni hatari kwa maisha ya raia. Ikaamuliwa kwamba mlango wa kushoto uchomelewe na mwingine ukatwe kulia, ili watu washuke salama.

Fundi Abdu aliifanya kazi hiyo kwa siku mbili. Alipomaliza aliusukuma mlango mpya mbele na nyuma, akautia grisi, akasema haukuwa mgumu hata kidogo, ungeweza kukatwa wakati wowote. Miza alimwambia anyamaze.

Mlango ule ulifunguka kwenye jana. Si mbali: anayeshuka alijikuta ndani ya alasiri ile kwa urefu wa hatua tano au sita, kisha leo ikamfikia na kumchukua. Kwa watu wengi hatua zile zilikuwa hatua tu, dimbwi lilelile na vumbi lilelile. Mirindi alikikunja kitambaa chake chekundu na kukitia ndani ya Biblia.

Siku ya kwanza Miza alisimama mbele ya baraza ya Byamungu, akaufungua mlango mpya, akasubiri. Byamungu alikuja na kikombe.

"Panda," Miza alimwambia.

"Niende wapi, Mama Miza?"

"Buterere. Popote. Irène naye."

Byamungu aliutazama mlango, akaupapasa pale rangi ilipokuwa bado mbichi. "Kumbe muliukata! Zayd angewalaani." Alicheka. "Apana, mama. Niko na gauni ya mutoto wa watu hapa, kesho anaitaka kwa masomo. Tutatembea kesho kutwa, kama Mungu anapenda."

"Kesho iko mbali."

"Kesho iko mbali? Weye mama, umeanza kuzeeka."

Alirudi kwenye cherehani yake. Miza alinywa chai, akaondoka.

Alimwomba hivyo siku kumi na moja. Alimdanganya kwamba kuna kitambaa cha bei nafuu Gihosha, kwamba kuna harusi, kwamba kaka yake amefika kutoka Bukavu na anaumwa. Byamungu aliuliza anaumwa nini, akamtumia limao. Kila siku gauni lilikuwa lilelile, mkono uleule, na kila siku lilitakiwa kesho. Siku ya kumi na mbili Miza alizima injini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya Jabe, akasema alichokuwa amekibeba moyoni.

"Nilikuacha, Byamungu. Mulipiga ubavuni nami nikatia gia. Nisamehe."

Byamungu alimtazama kama mtu anayetazama mshono ambao si wake.

"Uliniacha lini? Kila siku uko unapita, kila siku uko unakunywa chai yangu." Akampa kikombe. "Kunywa, itapoa."

Hakuweza kusamehewa na mtu ambaye bado hajakosewa. Alinywa, na Mirindi akaliwasha basi kwa hendeli, kile chuma kinachozungushwa pale mbele, kwa maana basi lile halikuwahi kuwa na ufunguo.

Callixte alikuwa akishuka kituo kimoja mbele na kurudi kwa miguu tangu mlango ulipohamishwa. Jumatatu moja mvua ilinyesha, naye alikuwa na viatu vipya, akaamua kushukia nyumbani. Hatua tano au sita zilikuwa urefu kamili wa baraza ile. Alisimama mbele ya mlango wake akiwa ameshika ufunguo, na mlango ulikuwa wazi, na ndani Irène alikuwa anamenya ndizi.

Byamungu alimkaribisha. Alimuuliza anamtafuta nani. Kwa fundi cherehani, mtu anayesimama barazani kimya amekuja kupimwa na anaona haya kuuliza bei, kwa hiyo Byamungu alitoa futikamba shingoni akampima kiuno na urefu wa mguu, akamwekea alama za chaki kwenye suruali mahali palipohitaji kupunguzwa, na kumwambia aje kesho. Irène alimpa ndizi moja. Abiria wote wa kulia waliona. Callixte alirudi ndani ya basi, akaketi, ndizi mkononi, mpaka kituo kilichofuata.

Chaki ile haikutoka. Mke wa Callixte aliifua suruali mara tatu. Alipovaa nyingine, alama zilikuwa palepale.

Kamati ilimwita Miza Alhamisi, baada ya swala ya adhuhuri, nyuma ya duka la Haitham, kati ya majora ya vitenge. Callixte alikaa kwenye stuli, magoti pamoja, ili chaki isionekane. Alieleza malalamiko yake kwa utulivu. Hakusema kwamba alitukanwa. Alisema alipokewa kama mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe, mbele ya watu, na mkewe sasa anafunga mlango kwa komeo hata mchana.

Haitham alikuwa ameshapanga kila kitu. Mlango wa kulia ungechomelewa kesho asubuhi na wa kushoto kufunguliwa. Mirindi angetoa kitambaa chake kwenye Biblia. Vioo vya kulia vingepakwa rangi ya kijani, isipokuwa dirisha la dereva, kwa sababu dereva lazima aone. Aliposema dereva lazima aone, alimtazama Miza kwa namna ya kumjulisha kwamba amelipigania dirisha hilo, na kwamba anajua kuhusu chai. Bwana Callixte angeendelea kuishi anapoishi. Hilo halikujadiliwa. Lilibaki jambo moja, nalo ni dogo: Miza amwombe radhi. Asipofanya hivyo, basi litawekwa uani kwa Haitham mpaka amani irudi, na hapakuwa na mtu pale aliyejua amani inarudi mwezi gani.

Miza aliwaza dirisha lile. Aliwaza kiwiko chake, kikombe, mvuke wa tangawizi, maneno ishirini. Kisha akamtazama Callixte, ambaye alikuwa akisubiri bila haraka, kama mtu anayesubiri muhuri ukauke.

"Apana," alisema.

"Shemeji," Haitham alisema kwa sauti ya chini. "Neno moja tu. Hata kwa Kifaransa. Useme pardon, twende tukale."

"Iko mutu moja wa kuomba radhi. Nilimuomba, akanipa chai. Huyu simuombi."

Callixte alisema kwamba yeye hakumuua mtu.

Miza aliinuka. Mirindi alikuwa mlangoni na hendeli begani; Miza akaichukua kwake, chuma kizito, cheusi kwa grisi ya miaka thelathini na minne, akamnyooshea Haitham juu ya meza. Alimnyooshea kwa mkono wa kushoto. Haitham alikuwa mtu aliyelelewa kwa adabu. Mikono yake haikutoka kwenye kanzu. Chuma kilikaa hewani kati yao, na tone la grisi likadondoka juu ya kitenge.

"Walau nipe kwa mkono wa kulia, shemeji," alisema. "Mbele ya watu. Na uniombe radhi mimi basi, kwa hilo la mkono, tuyamalize."

Miza aliilaza hendeli juu ya vitenge.

"Hata kwa hilo siombi," alisema.