Viti Vinne na Kigoda

Daktari wa meno aliingia kwenye duka la samani za zamani Jumamosi asubuhi, akitafuta viti vya chumba cha kusubiria wagonjwa. Vile vyake vya plastiki vilikuwa vimepasuka na vilikuwa vinawabana watu mapaja. Mumewe, mwalimu wa hesabu, alikuja kwa kazi ya kubeba.

Muuzaji aliwaonyesha viti vinne vya mbao iliyopindwa, migongo ya mviringo kama vijiko, miguu imetanuka kama ndama anayejifunza kusimama.

"Hapa dada yangu unatazama chanzo cha sanaa ya kisasa," alisema. "Mbunifu wake aliamka siku moja na umbo hili kichwani. Hakuiga popote."

"Vinakalika?" mwalimu aliuliza, akakaa.

Kiti kikacheka, kwa sauti ndogo, kama mtoto anayetekenywa.

"Hicho ndicho chenye kicheko," muuzaji alisema. "Vingine ni vipole."

"Funga vyote," daktari akasema. "Wagonjwa wangu wanalia mno."

Walipofika nyumbani, ambako chumba cha mbele ndicho kliniki, viti vilishuka garini vyenyewe, vikafuta miguu kwenye zulia la mlangoni, vikapita kliniki bila kuitazama na kushika njia ya ukumbini hadi chumba cha nyuma. Humo aliishi shangazi aliyemlea daktari. Alikuwa anakunja nguo. Kando ya kitanda chake kilikuwa kigoda alichochongewa na mama yake, mgongo wa kijiko, miguu imetanuka.

Viti vinne vikapiga magoti mbele ya kigoda.

"Shikamoo bibi," vikasema kwa pamoja.

"Marahaba wajukuu zangu," kigoda kikajibu. Hakikuwa kimesema neno maisha yake yote, lakini pia hakuna aliyewahi kukiamkia.

Shangazi aliweka nguo chini, akavipapasa migongo kimoja kimoja.

"Huu ni mkono wa mama," alisema. "Alichonga vigoda vingi. Kuna mgeni alipita na kamera, akavibeba karibu vyote, akaahidi kuleta picha. Mama alikuwa akisikia hodi anajitengeneza nywele, akidhani ni yeye."

Tangu hapo kliniki ilijaa. Viti vilimbembeleza kila mwenye shavu lililovimba, vikambeba hadi kwa daktari kwa mwendo wa madaha. Askari mmoja aling'olewa jino huku anacheka, akaomba ang'olewe na la jirani. Watu wenye meno mazima walikuja wakisingizia maumivu. Jioni viti vilikimbizana ukumbini, na mwalimu, ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia, alikuwa anakimbizwa navyo.

Sifa zilimfikia mtaalamu wa jumba la makumbusho, aliyekuwa anaandaa maonyesho ya chanzo cha sanaa ya kisasa. Alikuja, akakaribishwa chai chumbani kwa shangazi, akakaa.

"Bibi umemwamkia?" kiti kikamuuliza, kikimgeuzia upande wa kigoda.

Mtaalamu akainuka, akakiamkia kigoda, kisha akakilinganisha na viti pembe kwa pembe. Alikuwa mtu muungwana, hakuzunguka.

"Hakuna ubishi, shangazi. Hawa ni wajukuu wa kazi ya mama yako."

"Basi utamwandika jina?"

Mtaalamu alikitazama kikombe chake. "Ningependa sana. Lakini herufi za jina la mbunifu zimeshabandikwa ukutani kwenye maonyesho."

"Herufi si zinabanduka?"

"Zinabanduka. Ila wafadhili wamezipenda zilivyo."

Shangazi akamwongezea chai.

Siku ya ufunguzi wa maonyesho shangazi hakutaka gari. Alikaa juu ya kiti chenye kicheko, amepakata kigoda, na viti vingine vikamzunguka. Daktari na mumewe walifuata nyuma mbiombio. Mlinzi aliwakatia watu watatu tiketi, viti akavipisha bure.

Mwandishi wa habari aliwahi mbele. "Mama, viti vizuri kweli. Kavibuni nani?"

"Mama yangu," shangazi alisema, akamtajia jina taratibu, herufi kwa herufi.

Mwandishi akaitikia kwa kichwa, akaunyoshea ukuta shingo, akanakili jina la mbunifu lililokuwa pale kwa herufi kubwa nyeusi.

Shangazi alimwona. Alishusha pumzi, mikono ikakibana kigoda. Kisha akaanza kuliita jina la mama yake kwa sauti, kama anayemwita aje kula. Viti vikaitika "Bee!" na kuanza kucheza. Kile alichokalia kikaruka hakikutua. Kikampandisha hadi usawa wa taa, anacheka machozi yanamtoka. Wafadhili wakavua viatu. Mlinzi akacheza na mtaalamu, mwalimu akacheza na kila aliyekuwa karibu, na ukumbi mzima ukawa unaitika "Bee!" bila kujua nani anaitwa.

Kelele zilipozidi ukuta ukatikisika. Herufi moja ikaachia na kudondoka sakafuni. Mtaalamu, bado anacheza, akaiokota, akaipanguza vumbi kwa mkono wa shati na kuirudisha mahali pake.