Alama Kwenye Mfuniko

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Alhamisi, safu ya juu ya sahani ya vipimo ilikuwa zambarau. Ilipaswa kuwa njano, na ya chini zambarau; zilikuwa zimebadilishana.

Katika kipimo chetu, seli hai huigeuza rangi kuwa zambarau. Zilizokufa huiacha njano. Safu ya juu ilikuwa na seli za saratani ya titi zilizopewa dozi kali ya kemikali tuliyoitoa kwa mbawakawa. Safu ya chini, yenye seli zilezile, ilipewa kiyeyusho kitupu, yaani kimiminika cha kuyeyushia kemikali hiyo. Jumanne, kwenye sahani nyingine kama hii, nilikuwa nimeona kinyume chake: juu njano, chini zambarau, safi kama mchoro wa kitabuni. Nikampigia simu dada yangu kabla hata ya kuvua glavu.

Dada alikuwa na uvimbe titini, na Ijumaa angefanyiwa upasuaji. "Basi acha nisubiri hiyo dawa yenu," alisema. Nilinyamaza, naye akakichukua kimya changu kuwa ndiyo.

Sasa nilimwita fundi wetu wa maabara, tuliyempa jina la Bi Mizani kwa kuwa hakosei hata tone.

"Umeigeuza sahani."

"Mimi? Labda mbawakawa wako wamehama chama, Daktari."

"Alama ya juu iko wapi?"

Akanionyesha msalaba mdogo wa wino. Ulikuwa kwenye mfuniko, si kwenye sahani yenyewe.

Hakuna aliyecheka. Mfuniko hufunuliwa mara mbili, wakati wa kutia dawa na wakati wa kutia rangi, na hurudi upande wowote. Sahani ya Jumanne nayo ilitiwa alama vivyo hivyo. Moja kati ya hizo mbili tuliisoma miguu juu. Kama ni ya Jumanne, basi kiyeyusho ndicho kilichoua, na dawa yetu iliilinda saratani. Kurudia kulihitaji siku tatu. Baadaye tulirudia, kuvu ikaingia, ikala sahani nzima. Kisha mbawakawa wakaisha, na mradi nao. Mpaka leo sijui.

Alhamisi hiyo nilimpigia tena dada.

"Kesho nenda hospitali."

"Si ulisema zimekufa?"

"Zimekufa. Sijui ni zipi."

"Msomi mzima! Hujui maiti ni nani?" Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Sasa mimi nishike neno lipi, mdogo wangu? La Jumanne au la leo?"

"Usishike langu lolote. Nenda."

"Una uhakika?"

Nilitafuta jibu ambalo ningeweza kulithibitisha. "Sina."

Akakata simu.

Ijumaa, saa mbili kasoro dakika kumi, nilimkuta kwenye benchi la wodi ya upasuaji, mkoba mapajani. Sikumuuliza kilichomleta.

"Usiniambie kitu," alisema. "Kaa tu hapo."

Nikakaa. Saa mbili na nusu muuguzi aliita jina lake. Dada alivua miwani, akanikabidhi, akaingia.