Upande wa Kulia wa Jezi Namba Moja

Dobi wa timu hakutia mguu uwanjani msimu mzima, lakini habari za ubingwa wa mkoa alikuwa nazo kuliko mtangazaji wa redio. Zilimfikia kila Jumamosi jioni, makapu mawili ya jezi chafu. Namba tisa ilirudi safi vilevile ilivyoondoka, kumbe mshambuliaji hatari mbio zake ni za mdomoni tu. Namba nne ilikuja imechanika kwapani, na huyo walau alikuwa amegombana na mtu.

Kilichomkosesha raha ni namba moja. Hiyo ilikuwa ya kipa, mtoto wa kaka yake, aliyemlea mwenyewe tangu anatambaa. Mechi ya kwanza, tope upande wa kushoto. Ya pili, kushoto tena. Mpaka ya tisa, kushoto tope limeganda hadi kiunoni, kulia hata vumbi hakuna. Sasa huyu mipira ya kulia anaidakaje? Swali likamganda kichwani, akawa anapiga pasi huku anaongea peke yake.

Jumatano akamwita, akamtandazia jezi mezani.

"Bahati tu hiyo, shangazi," kipa alisema, macho kwenye dari.

"Bahati mechi tisa? Mdanganye kocha. Mimi ndiye ninayefua."

Kijana akanywea. Mwaka uliopita aliangukia bega la kulia likateguka. Lilishapona; daktari alimwambia, na mwenyewe alijua. Ila mpira ukienda kulia, mwili unagoma. Beki wa upande huo ndiye aliyekuwa akimwokoa, bila kujua.

"Ukimwambia kocha, mechi ya mwisho nakula benchi."

"Simwambii mtu. Lakini Jumamosi nataka tope pande zote mbili. Sabuni ninayo."

Siku yenyewe, sare tu ingewapa kombe. Dobi alishinda na pasi mkononi, roho juu, akaunguza kola ya mteja wa watu. Jioni dereva wa timu akaingiza makapu, uso umemshuka.

"Tumelala moja bila. Penalti, dakika ya mwisho kabisa."

Dobi hakumuuliza nani kafunga. Alipiga magoti, akachakura kapu la kwanza, akalimwaga la pili sakafuni. Namba moja ilikuwa chini kabisa. Akaigeuza. Upande wa kulia, toka begani mpaka pindoni, tope tupu.

Kipa alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu. "Niliugusa, shangazi. Kwa vidole hivi. Ukapita."

"Na bega?"

Akauinua mkono wa kulia, akauzungusha mara moja, kisha tena, akashangaa mwenyewe. "Nimeliangukia, na haliumi."

Dobi alicheka huku machozi yanamtoka, na dereva akamwona hana akili, kombe limekwenda yeye anacheka. Kesho yake alifua jezi kumi akazianika. Namba moja aliitundika ukutani na tope lake. Kocha akiuliza, atamwambia sabuni imeisha.